Viroba vya Viazi Uani kwa Mama Zaituni

Mwanangu Ineza,

Barua huanza kwa kumjulia mtu hali, lakini wewe uko chumba cha pili, nakusikia unavyogombana na zipu ya begi, basi najua u mzima. Sisi pia hatujambo. Mimi nimekalia ndoo hapa uani, karatasi iko juu ya goti, na jua bado lipo. Bibi amelala na anakoroma, ingawa akiamka ataapa kwamba hakusinzia hata kidogo.

Utajiuliza kwa nini namwandikia mtu ambaye nikimwita anaitika. Ni kwa ajili ya swali lako la Jumapili. Tulikuwa tunakula, ukaniuliza, "Baba, na wewe utakuja lini?" Bibi akaacha kutafuna. Mimi nikainuka, nikasema viroba vimekauka, vinataka maji, nawe ulijua kama nilivyojua mimi kwamba mvua ilikuwa imenyesha asubuhi hiyo hiyo. Hukusema kitu, na ninakushukuru kwa hilo. Jibu ninalo. Ila nyumba yetu ni ile ambayo ukikohoa chumba hiki, wa chumba kile anakupa pole, na jibu lenyewe sitaki mama yangu alisikie. Barua hii isome ukishapita Kagunga pale mpakani, kabla hujafika kwa mumeo, maana na yeye linamhusu.

Mambo ya kukaa katikati ya boti, ya kumwamkia mama mkwe kwa magoti mawili, ya kutokula kwa watu usiowajua, Bibi amekuambia tangu juzi mpaka nimeyakariri mimi ambaye siendi. Siyarudii. Nataka nikueleze habari za hivi viroba vya viazi, kwa sababu umekua ukiviona uani ukadhani ni kilimo tu. Kwa sasa ni kilimo. Zamani vilikuwa kiburi changu.

Tulipofika Kigoma tukikimbia vita ulikuwa mgongoni mwa mama yako, na Bibi alikuwa anatembea mbele yetu sote, usidhani alizaliwa mzee. Mama Zaituni alitupangishia vyumba hivi viwili hapa Katubuka. Alikuwa mjane wa Ujiji aliyehamia kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe, na siku ya kwanza tu alitupeleka nyuma ya nyumba, akatuonyesha uwanja mzima uliojaa magugu. Akasema, "Pote hapa penu. Limeni, mimi mgongo wangu umeshakataa jembe."

Mtu mwenye akili angesema asante akashika jembe. Mimi nilisema, "Asante mama, lakini sisi hatukai."

Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nimeacha shamba langu kwetu Rumonge, ng'ambo ya mpaka, likiwa na mihogo ya kuvunwa na michikichi ya baba yangu, na moyoni niliona kwamba nikichimba ardhi ya hapa nitakuwa nimeiuza ile ya kule. Kitanda sikununua, tulilala kwenye mkeka. Mlango wa ndani sikuweka, nilitundika kanga. Mama yako aliomba rafu ya vyombo, nikamwambia rafu tutatengeneza nyumbani. Wenzetu wengi tuliokuja nao walikuwa vivyo hivyo. Tukikutana sokoni tulikuwa tunaulizana "mtaondoka lini" kama watu wengine wanavyoulizana habari za asubuhi.

Lakini tumbo halijui siasa. Nilikuwa nabeba mizigo kwenye ghala la nafaka pale Mwanga, na viroba vilivyochanika mwenye ghala alikuwa anatupa. Nikavikusanya. Nikavijaza udongo, nikavipanga uani mstari mmoja, nikapanda marando ya viazi vitamu. Kwa akili yangu ya wakati ule, kilichopandwa ardhini ni cha mtu anayekaa, na kilichomo ndani ya kiroba ni mzigo, na mzigo unabebwa. Siku ya kurudi ningevitia mgongoni, nikaondoka na shamba langu.

Mama Zaituni alisimama mlangoni akaangalia. "Baba Ineza," akasema, "ardhi iko chini ya miguu yako, unaichota unaitia kwenye gunia?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nimeona mengi Ujiji, hili bado."

Mazao ya kwanza yalikuwa aibu. Niliomba samadi kwa mfuga mbuzi wa jirani, nikajaza nusu samadi nusu udongo, nikidhani nimepatia. Majani yakatoka mazito, yakafunika viroba, yakapanda mpaka kwenye kamba ya nguo. Nikatembea kifua mbele. Miezi ilipotimia nikapasua kiroba cha kwanza, nikakuta vimizizi vyembamba kama mikia ya panya. Ardhi ikishiba mno, kiazi hakioni sababu ya kunenepa, kinabaki kustawisha majani. Msimu uliofuata nikapunguza samadi, ila sikutoboa viroba chini, na mvua ya masika ikavifanya mitungi. Viazi vikaoza vyote. Ile harufu Mama Zaituni aliitaja mpaka Idi.

Halafu kulikuwa na vita ya majani. Kwetu, jani la kiazi ni chakula cha mbuzi. Hapa Kigoma, kama ulivyokua ukiona, ni matembele, yanapikwa kwa mawese, na mtu hawezi kupita kwenye ua wenye matembele mkono wake ukatulia. Mama Zaituni alikuwa anakuja na ungo kila jioni, anachuma. Bibi aliudhika.

"Oya! Hapana! Hayo ni ya mbuzi, mama."

"Basi leo mimi mbuzi. Nipishe nichume."

Akachuma, akapika na dagaa, akamletea Bibi bakuli. Bibi akakaa nalo mapajani kwa muda mrefu kama mtu aliyeletewa hirizi. Kisha akaonja. Kisha akala yote, akapangusa bakuli kwa kidole, na tangu siku hiyo wakawa wawili wa kuchuma. Mimi nikavuna viazi vidogo kama ndimu, maana rando likivuliwa majani kila siku haliwezi kulisha chini. Nikagombana nao wote wawili, nikashindwa na wote wawili. Mwisho tukagawana: viroba vya ukutani ni vya majani, vya kwenye jua ni vya viazi, na asiye na adabu asile chochote. Mpaka leo ndiyo sheria yetu.

Mama yako alifariki kabla hatujavuna kiazi chenye adabu. Homa ilimchukua upesi. Nakumbuka kwamba hakuwahi kuipata rafu yake ya vyombo, rafu ya mbao tatu tu, ambayo ningeitengeneza kwa asubuhi moja. Watu huniambia nisilifikirie hilo. Mimi nalifikiria, na linaniuma, na nimeona bora nikuambie kuliko nijifanye limekwisha.

Sasa nikufikishe Kibirizi kwenye boti, siku ambayo wewe unaikumbuka kwa sababu ulinunuliwa mkate wa kumimina. Ulikuwa darasa la kwanza. Redio ilikuwa imesema wakubwa wa kwetu wamepatana, na watu wetu mtaani wakaanza kufunga mafurushi. Nikaona siku yangu imefika. Nikakodi mkokoteni, nikamwambia kijana wake tupakie viroba vyangu, vyote vikiwa na viazi bado ndani, marando yamening'inia pande zote. Bibi alinitazama akaniuliza kama nina homa. Nikamjibu kwamba hivi viazi tutavila Rumonge.

Ineza, kiroba cha plastiki kikikaa juani mwaka mzima kinakuwa kama karatasi. Viwili vilipasuka pale pale tulipoviinua, udongo ukamwagika juu ya miguu yetu. Mama Zaituni alicheka mpaka akakaa chini. Vilivyobaki nikavifunga kwa kamba na shuka, tukaenda, mimi nikisukuma, Bibi nyuma amekushika mkono, na njia nzima watu wanasimama kuangalia bustani inayotembea. Kibirizi nahodha wa boti ya Kagunga akaviangalia, akanivulia kofia.

"Shikamoo mzee. Unasafiri na shamba?"

Alikuwa ananidhihaki, hatukupishana umri. Nikamwambia ni mzigo kama mzigo mwingine. Akasema mzigo wa udongo hapakii, kwani huko mwendako hakuna udongo? Watu wakacheka. Mimi nikapandisha sauti. Nilikuwa bado natukanana naye ilipoingia boti iliyotoka Kagunga. Ikashusha watu. Walikuwa na masufuria vichwani, magodoro yaliyolowa, watoto wasio na viatu, na mama mmoja alikuwa anauliza kila mtu kwa Kirundi kama amemwona mwanawe. Walikuwa wametembea kutoka kwetu mpaka Kagunga usiku uliopita. Hakuna aliyehitaji kunieleza kitu. Niliugeuza mkokoteni, na Bibi akavua kitenge chake cha pili akampa yule mama.

Tuliporudi nilikaa ndani nikageukia ukuta. Sikwenda kazini. Ule udongo wa viroba niliumwaga barabarani, sikutaka kuuona tena. Kumbe Bibi alikuwa ameyaokota marando. Akayakata, akayafunika kivulini siku mbili tatu mpaka yakaanza kuchipua mizizi kwenye vifundo, akaazima jembe la Mama Zaituni, akaingia nyuma ya nyumba. Nilisikia jembe. Nikatoka nikamkuta amekwishainua matuta nusu ya uwanja, kitenge amekifunga kiunoni.

Nikamwuliza, "Mama, unafanya nini? Mwezi ujao kukitulia tukaondoka, hivi vyote atakula nani?"

Hakunyanyuka hata. "Atakula mwenye nyumba. Kwani yeye si mtu?"

Nilikuwa nimekula mchicha wa yule mwanamke, chumvi yake, maji ya mtungi wake, na mama yako alizikwa kwa sanda aliyoinunua yeye. Na bado nilikuwa nachota udongo wake natia kwenye kiroba ili nisije nikamwachia kiazi kimoja. Sikuwa nimeliona hivyo. Mimi nilidhani naikumbuka nchi yangu.

Nilisusa, lakini. Sitaki udhani niliongoka siku hiyo. Viazi vilipokomaa Bibi alivipika kwa maharage, akaniwekea, nikasema sina njaa. Akamwita Mama Zaituni wakala pamoja, wakicheka, wakisifu utamu kwa sauti ya kunisikilizisha. Jioni nikaenda jikoni nikala vilivyobaki kwenye sufuria, vya baridi, nimesimama. Vilikuwa viazi vikubwa kama kichwa cha mtoto. Kesho yake nikanunua mbao nikatengeneza rafu. Wewe uliijaza vikopo vyako vya kuchezea, na ndiyo hiyo iko jikoni mpaka leo, imeinama upande kwa sababu niliipima kwa hasira.

Viroba vilirudi baadaye kwa sababu nyingine kabisa. Mama Zaituni alijenga vyumba vya kupangisha nyuma, uwanja ukaisha, tukabaki na huu uchochoro. Safari hii nilipanda kwenye viroba kwa kuwa hapakuwa na pengine, na ajabu ni kwamba ndipo nilipojua kupanda. Sikutafuta cha kubebeka, nilitafuta kiazi. Nikatoboa chini. Nikaweka kokoto katikati, toka chini mpaka juu, ili maji yafike kote. Udongo mwingi, mchanga kidogo, samadi konzi chache. Nikavifunika ubavuni kwa magunia chakavu jua lisivile. Rando nikalilaza, sikulisimamisha, vifundo vitatu ndani, na mengine nikayapenyeza kwenye matundu ya pembeni. Ada yako ya shule haikutoka hapo, tusidanganyane, ila uji wako wa asubuhi na kiazi chake ulitoka hapo, na haukuwahi kukosa.

Huko unakokwenda una shamba la kweli. Mumeo Dezire amelifyeka tangu kiangazi, na umenisomea barua yake mara mbili, ile sehemu ya chumba cha tatu uliisoma kwa sauti zaidi. "Chumba cha Baba." Nilisikia. Nilijifanya naangalia mvua.

Basi hili ndilo jibu la swali lako. Sijui nitakuja lini, na sitaki kujua.

Bibi yako hawezi kusafiri. Wewe unafikiri tutambeba, na najua unafikiri hivyo kwa mapenzi. Lakini ulikuwepo tulipompeleka hospitali kwa gari la kukodi, mwendo wa kutoka hapa mpaka hapo tu, uliona alivyouma ncha ya kitenge asipige kelele. Boti siku nzima hatafika. Wiki iliyopita, ulipokuwa sokoni, aliniambia niondoke na wewe, yeye abaki na Mama Zaituni, maana wamezoeana. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema nimwachie ndoo. Nikamwambia anyamaze. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumwambia mama yangu anyamaze.

Kwa hiyo ninabaki mpaka Mungu amchukue. Sasa fikiri mwenyewe, mwanangu. Nikikuambia nitakuja Krismasi, nimempangia mama yangu kufa kabla ya Krismasi. Nikikuambia mwakani, nimempa mwaka. Kila siku nitakayokutajia ni siku ya kumzika. Na wewe utaihesabu, si kwa ubaya, kwa hamu tu, na mimi huku nitaanza kumtazama akila na kujiuliza. Nilikaa miaka karibu saba hapa nikitazama mlango, nikamnyima mama yako rafu. Sitamkalia mama yangu hivyo. Nataka nimpikie uji nikiwa hapa kweli, nimchumie matembele, nigombane naye.

Ndiyo maana nilitoka kumwagilia viroba vilivyolowa.

Nisikuache na uchungu huo peke yake. Nitakukosa, Ineza. Kesho nikitoka Kibirizi nitarudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayeimba wakati wa kuosha vyombo, na nimeshaanza kuiogopa. Sikuandika hili ili urudi. Nimeandika kwa sababu baba zetu hawakuyasema haya, tukakua tunadhani hawayahisi.

Sasa mwambie Dezire hivi. Namshukuru kwa chumba, ni mtoto mwema, lakini asikiache kitupu kikinisubiri. Chumba kitupu ndani ya nyumba kinawatawala walio kwenye vile vilivyojaa, mimi nimeishi nacho kichwani najua. Tieni viazi mkivuna. Tieni watoto wakija. Mgeni akipita, alale humo. Na shamba mlilime lote mpaka mpakani, msiniachie hata tuta moja, msiseme hapa ni pa Baba atapanda mwenyewe. Wewe mwenyewe usiishi na begi miguuni. Nunua kitanda. Tengeneza rafu.

Na siku nitakapofika, iwe karibu iwe mbali, nitafika bila chumba na bila shamba, yaani nitafika mgeni kwa mwanangu. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nakuomba, mimi usinisubirishe mpaka ya tatu. Nimekuwa mgeni miaka mingi mno. Nikishakaa nikanywa maji, nipe jembe.

Baba yako